Fundi wa Spika

Kila Alhamisi baada ya laasiri
napanda ngazi ya chuma ya msikiti wetu hapa Bombo,
bisibisi mfukoni, waya wa risasi shingoni kama tasbihi,
kukagua spika nne. Moja yaelekea kambi ya jeshi,
moja sokoni, moja barabara ya Gulu,
na ya nne, ile yenye kutu, yaelekea kwetu.

Nyigu hujenga humo. Nawatoa kwa moshi wa gazeti,
nasugua koo la bati kwa kitambaa na petroli kidogo
ili jina litoke bila mikwaruzo.
Sidai kitu. Imamu huniambia: Fundi Marjani,
malipo yako yako mbele.
Nami hujibu inshallah,
kama mtu apokeaye hundi ya benki iliyofungwa
na kuikunja vizuri, asimvunjie heshima aliyeitoa.

Haikuanza kwa hasira.
Sikunywa. Hakuna kitabu.
Hakuna binti wa Kikatoliki wa Wobulenzi.
Ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho, nimesujudu,
nikasubiri kama unavyosubiri simu iite upande wa pili.
Haikuita.
Hata yule mwanamke wa kusema namba haipatikani
hakusema.
Nikainuka pamoja na safu.
Mwaka wa tisa huu nainuka pamoja na safu.

Mama anasuka tabaga ukumbini,
nyekundu, kijani, zambarau,
akimsengenya jirani afichaye kisukari:
mficha maradhi, asema, kifo humuumbua.
Mimi navuta bakuli la mchuzi karibu.
Niliwahi kujaribu kumwambia dada yangu Rehani.
Nikaanza: hivi wewe, ukiwa peke yako usiku...
Akaacha kukanda unga, akanitazama.
Nikasema: hivi wewe, hapa mmetia chumvi?

Sina wa kumchukia. Hilo ndilo gumu.
Ni hawa walionizikia baba mvua ikinyesha,
wakabebana zamu kwa zamu, matope hadi magotini,
na aliyeshuka kaburini kumpokea
ni Sebiti mwadhini, mgongo wake mbovu vile.
Wangenifanya nini? Sijui.
Labda wasingenifanya kitu.
Labda wangeanza tu kuniletea chakula
kwenye sahani ambayo hawataitaka tena.

Juzi alfajiri Sebiti aliamka hana sauti.
Mimi nilikuwa pale kwa ajili ya fyuzi.
Imamu akanisogezea maiki: wewe unaijua.
Naijua. Kama mkono ujuavyo
komeo la mlango wa kwao gizani.

Nikatia vidole masikioni. Nikaita.
Nikajisikia nikienda kambini,
nikajisikia sokoni juu ya meza tupu,
nikapita na malori ya Gulu,
nikagonga bati letu.
Nilipofika pale pa kusema sala ni bora kuliko usingizi
sauti ilinikatika, na watu wakasema baadaye
fundi yule, kumbe ana moyo.
Sikuwaambia kwamba nilikuwa sijalala.
Sikuwaambia kwamba ilikuwa nzuri,
nzuri mno, na kwamba nilipomaliza
nilisikiliza tena. Mbwa. Jenereta la kambini.
Mtu anakohoa akitafuta kandambili.

Mama alikuwa mlangoni.
Leo umeniita wewe, akasema,
akanishika uso kwa mikono mibichi ya udhu
yenye rangi ya jana ya ukindu.
Nikamwachia uso.
Zambarau ilibaki shavuni kutwa nzima;
wateja wakacheka, sikuifuta.

Alhamisi nitapanda tena.
Ile ya nne inataka waya mpya.
Nimeshaununua, kwa hela yangu.